Uma wa Sauti Unaohisi Kona

Usomaji wa ziada katika mada ya Mawimbi: mtetemo, masafa na resonansi

Katika mada ya mawimbi kuna kifaa kimoja ambacho karibu kila mtahiniwa amewahi kukishika: uma wa sauti. Unaugonga kwenye kipande cha mpira, unauweka juu ya mdomo wa bomba lililozama kwenye maji, unaliinua bomba polepole mpaka sauti inavuma ghafla, kisha unapima urefu wa safu ya hewa na kukokotoa mwendokasi wa sauti. Swali hilo hurudi mara kwa mara, na wengi hulijibu kwa kukariri hatua. Wakiulizwa jambo lilelile kwa sura nyingine kidogo, kalamu inasimama.

Hapa tutauchukua uma huohuo na kuupeleka mahali usipoutarajia: ndani ya gari linalopita Babati. Huko uma umechongwa kwa jiwe la kwatzi, una urefu wa milimita chache tu, na kazi yake si kutoa sauti bali kuhisi kama gari linageuka, na linageuka kwa kasi gani. Ukielewa unavyofanya kazi, utakuwa umepitia upya mtetemo, masafa, resonansi, mtetemo wa kulazimishwa na mwendo wa duara. Baadhi ya yaliyomo humu hayapo kwenye muhtasari wa kidato cha nne. Nitakuambia ni yapi, usije ukahangaika nayo usiku wa kuamkia mtihani.

Gari linapoacha kumsikiliza dereva

Simama stendi ya Babati asubuhi uone mabasi yakitoka: mengine yanakwenda Arusha, mengine Singida, mengine yanashika barabara ya lami ya Dodoma iliyozinduliwa mwaka 2018. Njia ya Dodoma ina milima na kona kupitia Bereko na Kolo kabla ya kufika Kondoa. Ukielekea Mbulu kupitia Dareda unapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na huko kona ni za kutosha. Kiangazi hakuna neno. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi, lami huteleza kama imepakwa sabuni.

Fikiria gari linaingia kona siku hiyo. Dereva anakata usukani, magurudumu ya mbele yanageuka, lakini msuguano hautoshi na gari linaendelea kwenda mbele, kuelekea nje ya barabara. Au hutokea kinyume chake: mkia unateleza na gari linazunguka kupita kiasi. Yote mawili huanza taratibu na kumalizika ghafla. Dereva anapogundua, mara nyingi ameshachelewa.

Kuanzia mwaka 1995 baadhi ya magari yalianza kuuzwa yakiwa na mfumo wa kudhibiti utelezi huo. Mfumo unauliza maswali mawili tu. La kwanza: dereva anataka gari ligeuke kiasi gani? Jibu linatoka kwenye kihisi cha usukani na vihisi vya kasi ya magurudumu. La pili: gari lenyewe linageuka kiasi gani hasa? Jibu la swali hili linatoka kwa kihisi cha mzunguko, na ndicho tunachokisoma leo. Majibu mawili yasipolingana, kompyuta hufunga breki ya gurudumu moja peke yake. Gari likigoma kugeuka, hukamatwa gurudumu la nyuma la upande wa ndani wa kona. Likizunguka kupita kiasi, hukamatwa gurudumu la mbele la upande wa nje. Jaribu mwenyewe kuchora gari kutoka juu na kuonyesha momenti ya kani hiyo ya breki, utaona kwa nini ni magurudumu hayo na si mengine.

Umuhimu wake ulionekana hadharani Oktoba 1997, pale gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipopinduka nchini Sweden likijaribiwa na waandishi wa habari za magari kwa kukwepa kizuizi ghafla. Kampuni iliamua kuuweka mfumo huu kwenye magari yote ya aina hiyo. Leo ukipanda gari lililotumika Japani hapa mjini, huenda ukaona kwenye dashibodi taa ndogo ya njano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Hiyo ndiyo taa ya mfumo.

Tuipe kona namba. Gari linakwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 60. Kasi ya kuzunguka, tuiite Ω, ni mwendokasi kugawanya kwa nusukipenyo:

Ω = 15 ÷ 60 = 0.25 radiani kwa sekunde, karibu digrii 14 kwa sekunde.

Ikiwa usukani unasema digrii 14 na kihisi kinasema digrii 8, gari linateleza kwenda nje. Kwa hiyo tunahitaji kitu kidogo, cha bei nafuu, kisichochakaa, kitakachotuambia hizo digrii 8. Hapo zamani kazi ya namna hii ilifanywa na gurudumu zito linalozunguka kwa kasi kubwa ndani ya fremu. Ni kifaa kizuri kwenye meli na ndege, ila ni ghali na bearingi zake huchakaa. Kitu kinachotetemeka hakihitaji bearingi.

Kwa nini uma ujue kwamba unazungushwa?

Fanya jaribio hili kwanza, halihitaji maabara. Kata duara kwenye katoni, litoboe katikati kwa pini na ulikaze mezani liweze kuzunguka. Mwombe mwenzako alizungushe polepole. Wewe shika rula juu ya katoni bila kuigusa, rula isitikisike, kisha sogeza kalamu kufuata rula kutoka katikati kwenda ukingoni. Mkono wako umekwenda moja kwa moja. Mstari uliobaki kwenye katoni umepinda.

Kama ungekuwa mdudu anayeishi juu ya katoni na hujui kwamba inazunguka, ungesema kuna kani iliyoisukuma kalamu pembeni. Na kama ungetaka kalamu ifuate mstari ulionyooka juu ya katoni yenyewe, ingekubidi uisukume pembeni kweli, kwa sababu sehemu za ukingoni zinakwenda kasi kuliko za katikati, na kalamu inapotoka nje lazima iongezewe kasi hiyo. Athari hii ina jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeiandikia mwaka 1835. Ukubwa wake ni

F = 2mvΩ

ambapo m ni tungamo, v ni mwendokasi wa kitu ndani ya kile kinachozunguka, na Ω ni kasi ya kuzunguka. Namba 2 inatokana na mambo mawili yanayotokea pamoja: kitu kinahamia mahali penye kasi kubwa zaidi, na wakati huohuo mwelekeo wa mwendo wake nao unageuzwa. Kanuni hii haimo katika muhtasari wako. Isome kwa kuelewa, usiikariri.

Sasa shika uma wa sauti wima, mpini chini. Meno yake mawili yanatetemeka kwa kusogeleana na kuachana: yote ndani, yote nje. Zungusha mpini kati ya vidole kama unavyozungusha kijiti cha kupekecha moto. Kila jino sasa ni ile kalamu juu ya katoni. Linapokwenda nje linasukumwa pembeni, linaporudi ndani linasukumwa upande wa pili. Na kwa kuwa meno yanakwenda pande zinazopingana, moja likisukumwa mbele, jingine linasukumwa nyuma. Uma uliokuwa unatetemeka kulia na kushoto tu, sasa unatetemeka pia mbele na nyuma kidogo. Uma usipozungushwa, mtetemo huu wa pili haupo. Ukizungushwa mara mbili kwa kasi, mtetemo wa pili nao unakuwa mkubwa mara mbili. Huo ndio msingi wa kihisi chote, kilichobaki ni ufundi.

Mdudu ametutangulia katika jambo hili. Nzi wa aina zote, akiwemo mbung'o anayewasumbua watalii na wafugaji maeneo ya Tarangire, ana mabawa mawili tu badala ya manne. Mahali pa mabawa ya nyuma ana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa kama vya pini. Vijiti hivyo hutetemeka kwa mpigo wa mabawa, na nzi akigeuka hewani, kani hiihii huvipinda pembeni. Mishipa ya fahamu kwenye mashina yake humwambia amegeukia wapi. Nzi aliyeondolewa vijiti hivyo huanguka, hawezi kujiongoza.

Tatizo ni udogo wa kani

Tuchukue uma wa mfano, kila jino likiwa na urefu wa milimita 6.6, upana wa milimita 0.5 na unene kama huohuo. Densiti ya kwatzi ni kilogramu 2,650 kwa mita ya ujazo, hivyo tungamo la jino moja ni

2,650 × 0.0066 × 0.0005 × 0.0005 = 4.4 × 10⁻⁶ kg, yaani miligramu 4.4.

Tuseme jino linatetemeka kwa masafa ya 10,000 Hz, likisogea mikromita 1 kila upande. Kasi yake kubwa kabisa, linapopita katikati, ni 2πfA = 2 × 3.14 × 10,000 × 0.000001 = mita 0.063 kwa sekunde. Rudisha namba hizi kwenye ile kona yetu:

F = 2 × 4.4 × 10⁻⁶ × 0.063 × 0.25 = 1.4 × 10⁻⁷ N.

Uzito wa jino lenyewe ni 4.4 × 10⁻⁵ N. Kani tunayotaka kuipima ni ndogo kuliko uzito wa jino kwa takriban mara 300, na jino lenyewe ni chembe ambayo ikidondoka kwenye sakafu ya darasa huipati tena. Mbaya zaidi, mchapuko wa mtetemo wa kwanza unafika mita 3,950 kwa sekunde kwa sekunde, wakati ule wa pembeni ni 0.03 tu. Mtetemo wenye nguvu unazidi ule tunaoutafuta kwa zaidi ya mara laki moja. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona pembeni ya spika ya harusi.

Kwa hiyo msanifu wa uma ana maswali mawili yanayomnyima usingizi: namna ya kuukuza mnong'ono, na namna ya kuizima spika.

Kuchagua masafa

Masafa ya jino hutegemea vipimo vyake. Kwa jino la kwatzi, makadirio mazuri ni

f = 880 × upana ÷ (urefu)²

vipimo vyote vikiwa kwa mita, na upana ukipimwa kwa upande ambao jino linapindia. Weka 0.0005 na 0.0066, utapata karibu 10,000 Hz. Zingatia kwamba urefu uko kwenye kipeo cha pili: ukirefusha jino mara mbili, masafa yanashuka mara nne. Ndiyo maana kwenye kabati la maabara uma wa masafa madogo ni mrefu na wa masafa makubwa ni mfupi. Hili linaweza kukusaidia hata kama namba zilizochongwa kwenye mpini zimefutika.

Kwa nini 10,000 Hz na si 300 Hz? Kwa sababu gari limejaa mitetemo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kila sekunde. Barabara ya matuta, gia, tairi, muziki wa dereva, vyote hutikisa bodi kwa masafa ya chini. Uma wenye masafa yaliyo karibu na mitetemo hiyo ungeingia kwenye resonansi nayo na kuripoti kona pasipo na kona. Mtetemo wa 10,000 Hz uko juu ya sehemu kubwa ya kelele hizo. Na sikio lako linaweza kusikia 10,000 Hz, lakini hutausikia uma huu hata ukilaza kichwa juu yake, kwa kuwa umefungiwa ndani ya kikopo kisicho na hewa. Hilo swali la mtihani unalijua: sauti haisafiri kwenye ombwe. Mtengenezaji ametoa hewa kwa sababu nyingine. Hewa hulizuia jino na kula nishati ya mtetemo.

Sasa resonansi yenyewe. Jino lina njia mbili za kupinda: kulia na kushoto, ambayo tunaiendesha kwa umeme, na mbele na nyuma, ambayo tunaisikiliza. Kila njia ina masafa yake ya asili. Kani ya Coriolis inasukuma mbele na nyuma kwa masafa ya njia ya kwanza. Ukijua somo lako utasema mara moja: basi tufanye masafa ya njia mbili yalingane, resonansi itakuza mtetemo wa pili. Ni jibu la mwanafunzi mzuri. Tulipime.

Kitu chenye resonansi kali hupanda polepole na kutulia polepole. Kengele ya shule ikigongwa huendelea kulia hata mkono ukishaondoka. Uma wa 10,000 Hz wenye resonansi kali ya kiwango cha kawaida kwa kwatzi huhitaji karibu theluthi ya sekunde kabla ya mtetemo wake kukaribia kiwango kipya. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Katika theluthi hiyo limekwenda mita 7 bila kujua kwamba limeanza kuteleza, na mita 7 ni upana wa barabara nzima. Isitoshe, halijoto ikibadilika kidogo masafa mawili yanaachana, na kihisi kinabadili hesabu zake. Asubuhi ya Julai na mchana wa Oktoba vitatoa majibu tofauti kwa kona ileile.

Kuyatenga masafa mbali sana nako hakufai, maana mtetemo wa pili unakuwa mdogo usiopimika. Wasanifu hukubali mambo ya katikati: masafa mawili huachanishwa kidogo, kwa uma wetu tuseme 300 Hz. Njia ya kuendesha ni 10,000, njia ya kusikiliza ni 10,300. Kwa kuwa masafa yanafuata kipimo cha upande unaopinda, inatosha unene uzidi upana kwa asilimia 3, yaani milimita 0.515 badala ya 0.5. (Kwa uma halisi hesabu ni ndefu zaidi, kwa sababu ugumu wa kwatzi haulingani katika pande zote za fuwele.) Kosa la mikromita moja tu kwenye upana hubadili masafa kwa 20 Hz. Unywele wako una unene wa makumi ya mikromita.

Kwa mpangilio huo, kwenye kona yetu jino litapinda mbele na nyuma kwa kiasi cha mita 1.3 × 10⁻¹⁰. Huo ni karibu upana wa atomu moja. Na bado kinapimika.

Kuizima spika

Hapa ndipo uma unapozidi ufito mmoja. Gari likigonga shimo, meno yote mawili husukumwa upande mmoja. Gari likigeuka, meno husukumwa pande zinazopingana. Saketi inachukua tofauti kati ya jino na jino: shimo linajifuta lenyewe, kona inabaki. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, na ndiyo sababu kubwa ya kutumia uma.

Mpini nao una kazi. Unajua kwamba ukisimamisha uma wa maabara juu ya meza, sauti inakuwa kubwa, kwa kuwa mpini unailazimisha meza kutetemeka. Kwenye maabara hilo ni zuri. Kwenye kihisi ni hasara tupu, maana nishati inavuja, na namna fundi alivyokaza skrubu itaanza kuathiri majibu. Meno yakilingana barabara, mitikisiko yao hufutana kwenye mpini na mpini hutulia. Baadhi ya miundo huongeza uma wa pili upande wa chini, umbo likawa kama herufi H: meno ya juu yanaendeshwa kwa umeme, na meno ya chini yanasubiri kwa utulivu. Gari likigeuka, meno ya juu husokota kiungo cha katikati, na msokoto huo huyatikisa meno ya chini. Hivyo spika na msikilizaji wanawekwa vyumba viwili. Kampuni ya Epson ya Japani ilikwenda njia nyingine, ikatumia umbo linalofanana na herufi T mbili.

Inabaki hila moja ninayoipenda kuliko zote, na unaweza kuielewa kwa kutazama bembea. Uma hauchongwi ukawa kamili. Jino likiwa limekaa mshazari hata kidogo sana, litapinda mbele na nyuma lenyewe bila gari kugeuka, na kosa hilo linaweza kuzidi ishara halisi. Lakini kosa hilo linafuata umbali: ni kubwa jino likiwa mwisho wa safari yake, ni sifuri likipita katikati. Kani ya Coriolis inafuata mwendokasi: ni sifuri mwishoni, ambako jino husimama kitambo kama bembea kabla ya kurudi, na ni kubwa katikati. Saketi hupima katikati tu. Kipindi cha mtetemo ni 1 ÷ 10,000 = sekunde 0.0001, na kutoka mwisho hadi katikati ni robo yake, sekunde 0.000025. Saketi ikikosea muda huo kidogo, kosa linapenya.

Kwa nini kwatzi?

Miaka ya 1950 kampuni ya Sperry ya Marekani ilijaribu uma wa metali kwa kazi hiihii. Wazo lilikuwa sahihi, lakini mizani ya meno na mabadiliko ya halijoto vilileta taabu. Kwatzi ilitoa jibu kwa tabia iliyogunduliwa mapema zaidi. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa volti, zinajipinda. Kwa hiyo jino la kwatzi hujiendesha na kujipima lenyewe kupitia tabaka jembamba la dhahabu lililopakwa juu yake.

Unalo jino kama hilo karibu nawe. Neno la Kiingereza la jiwe hili limeandikwa kwenye uso wa saa nyingi za ukutani. Ndani ya saa hizo mna uma mdogo wa kwatzi wa 32,768 Hz. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ni 2 kwa kipeo cha 15: saketi huigawa kwa mbili mara kumi na tano, ikabaki 1 Hz, ndiyo sekunde. Ufundi wa kuchonga uma kwenye bapa jembamba la kwatzi kwa mwanga na asidi, mamia kwa wakati mmoja, ulikuzwa kwa ajili ya saa, kisha vihisi vya mzunguko vikaurithi.

Kwatzi yenyewe ni silikoni na oksijeni, kama mchanga wa mto. Viwandani haichimbwi ikatumika ilivyo. Fuwele hukuzwa kwenye mitungi yenye joto na shinikizo kubwa ili zitoke safi. Simu yako nayo ina kihisi cha mzunguko, ila kwa kawaida ni cha silikoni, si cha kwatzi. Kanuni ni ileile: kitu kinatetemeka, kinasukumwa pembeni.

Swali la mtego: Dunia nayo inazunguka

Ukiweka kihisi wima juu ya dawati hapa Babati, kitahisi mzunguko wa Dunia? Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Wengi watajibu 15. Lakini mhimili wa Dunia haujasimama wima kwetu, umelala karibu sambamba na ardhi, kaskazini kwenda kusini, kwa sababu tuko latitudo ya digrii 4.2 tu kusini mwa ikweta. Sehemu inayofuata wima ni 15 × sini ya 4.2°, yaani 15 × 0.073 = digrii 1.1 kwa saa. Ulaze uma mpini ukielekea kaskazini, utapokea karibu 15 zote. Kihisi cha bei nafuu cha gari hakioni hata hizo, kwa kuwa kuyumba kwake chenyewe ni kukubwa zaidi. Lakini swali linakufundisha kwamba uma hupima mzunguko kwenye mhimili mmoja tu, ule wa urefu wake. Usisahau hili unapofika swali la mwisho hapa chini.

Jipime

1. Uma wa 512 Hz unavuma juu ya bomba lililozibwa chini na maji. Mwendokasi wa sauti ni 340 m/s. Tafuta urefu mfupi kabisa wa safu ya hewa, ukipuuza marekebisho ya mdomo wa bomba.

2. Basi linapita kona ya nusukipenyo cha mita 100 kwa kilomita 72 kwa saa. Kihisi kinapaswa kusoma digrii ngapi kwa sekunde kama hakuna utelezi?

3. Jino la 10,000 Hz linafupishwa kuwa nusu ya urefu wake, upana ukibaki uleule. Masafa mapya ni yapi? Binadamu angeweza kuyasikia hewani?

4. Fundi ameng'oa kiti, akakuta kihisi cha mzunguko, akakirudisha kikiwa kimelala ubavu kwa kuwa skrubu moja ilipotea. Gari linaondoka Babati, barabara imenyooka, taa ya njano haijawaka. Eleza kitakachotokea kwenye kona ya kwanza yenye utelezi.

Majibu. (1) λ = 340 ÷ 512 = m 0.664; robo yake ni sm 16.6. (2) 20 ÷ 100 = 0.2 radiani kwa sekunde, karibu digrii 11.5. (3) Mara nne, 40,000 Hz. Hapana, kikomo cha sikio ni karibu 20,000 Hz. (4) Mpini haufuati tena mhimili wima, hivyo kihisi kinapima gari linavyoinama badala ya linavyogeuka. Kwenye barabara iliyonyooka vipimo vyote ni karibu na sifuri, ndiyo maana hakuna kilichogundulika. Kwenye kona usukani utasema gari ligeuke, kihisi kitasema haligeuki, na kompyuta inaweza kufunga breki ya gurudumu la nyuma la ndani wakati gari lilikuwa linageuka vizuri, au mkia ukiteleza kweli isijue kabisa.